Hodi Kwenye Vishimo

Julai, Mbeya. Maji ya bomba yanauma vidole.
Nimewasha jiko la umeme mbele ya vizimba,
si kwa ajili yangu: panya hawa wakitetemeka
takwimu nazo hutetemeka.

Namba kumi na saba nimemnyoosha asubuhi juu ya rula.
Utumbo wake mwembamba unateleza
kama tambi iliyoiva.
Sentimita arobaini na moja.
Wenzake waliochomwa maji ya chumvi tu
hawakuvuka thelathini na sita.

Naandika. Natazama tena. Naandika.

Ipyana, mdogo wangu, alibakiwa na mita moja na kidogo.
Mwaka juzi utumbo ulijisokota usiku, kule Isyonje.
Gari la viazi ndilo lililomleta mjini,
kalazwa juu ya magunia,
na daktari akakata kilichokwisha kuwa cheusi.
Tangu hapo anakula kama mvunaji
na suruali inamvuka.
Kula, mwanangu, mama humwambia. Anakula.
Chakula kinapita kama mgeni aliyekataa kiti.

Chini ya hadubini, kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu:
vidole, maelfu ya vidole, vimesimama
kama pareto siku moja kabla ya kuchumwa,
na kati ya kidole na kidole, vishimo.
Humo ndimo seli huzaliwa.
Kisha hupanda. Siku tatu, siku nne,
zinasukumana bila ugomvi
mpaka kileleni,
na kileleni hudondoka.
Jumatatu kishimoni, Ijumaa hazipo.
Mimi nimepanda Loleza mara mbili maishani
na mara zote nilikuta njia ya kurudi.

Kichocheo tunachowachoma
hakijengi chochote.
Hakibebi tofali. Kinabisha tu.
Hodi, kwenye ukuta wa seli,
na kipo kipokezi kinachoijua sauti hiyo,
kinainama, kinashika, kinamgusa wa ndani,
wa ndani anamgusa wa ndani zaidi,
kama ndoo za maji mkono kwa mkono nyumba inapoungua,
hadi neno linafika kwenye kiini:
gawanyika.
Vishimo vinazama. Vidole vinarefuka.

Nilimsimulia Ipyana Jumapili, tukimenya viazi.
Alisikiliza akigeuza kisu.
Yeye mkulima, hakuuliza nilichotarajia.
"Mbolea ya kukuzia ukiizidisha
shamba linakuwa kijani, wapita njia wanakusifu.
Ukichimba, viazi kama gololi.
Sasa huko ndani, nani husema basi?"

Nikamtajia kundi la tatu,
ambao hodi haikukoma kwao miezi na miezi:
uvimbe mdogo hapa, mwingine pale, unang'aa,
seli zilizosahau kudondoka.
Na la nne, tuliloacha kulichoma:
wiki tatu tu, vidole vilisharudi kwenye kimo chao cha zamani
kana kwamba hakuna aliyewahi kubisha.

"Basi," alisema,
na sikujua kama anajibu swali lake
au ananyamazisha langu.
Akasukuma bakuli.
Maganda yake ni membamba, mwanga unapita.
Hapotezi kitu siku hizi, ndugu yangu.

Sikumwambia kwamba kati ya panya na mtu
kuna miaka, na fedha, na sahihi za watu wasiomjua.
Labda anajua. Aliniuliza tu bei ya nauli ya kurudi.

Usiku huu namba kumi na nane yuko kiganjani mwangu,
ana joto kuliko chumba.
Zamu yake ni kesho.
Chini ya kidole gumba changu tumbo lake dogo lina shughuli zake:
vishimo vinazaa, vilele vinadondosha,
na seli za leo zimeanza kupanda,
zikihesabu siku nne
ambazo nimeshazifuta kwenye jedwali.